Muulize Mkutubi: “Binti yangu amechoka na mashujaa”

Toleo lililopita nilisema kwa mistari michache tu kwamba mtoto wa kike apewe vitabu vinavyosimulia maisha ya wanawake waliotangulia. Barua zimemiminika, za kushukuru na za kunikoromea, nami nimechagua hizi. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mkutubi mstaafu wa shule, naishi Tanga, na barazani kwangu pana kabati la vitabu. Watoto wa mtaa huazima bila kadi, mradi jina liandikwe daftarini na kitabu kirudi bila alama za mafuta ya mihogo.

SWALI: Bi Mkutubi, shikamoo. Nina binti wa darasa la sita. Mjomba wake alimletea kitabu kinene chenye picha nzuri, wanawake wengi wa dunia nzima, kila mmoja na ukurasa wake. Alisoma kurasa chache akakiweka. Nilipomuuliza akanijibu: “Mama, wote wanafanana. Anazaliwa, anakatazwa, hakati tamaa, anashinda.” Sasa hata nikimtajia mwanamke wa historia anabetua midomo. Nimfanyeje?
Mama wa Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao anajua kusoma kuliko mjomba wake anavyojua kununua. Ukurasa mmoja hautoshi kueleza maisha ya mtu. Unatosha kumsifu tu, na sifa za watu hufanana: funika jina la juu kwa kidole, soma yaliyo chini, hutajua ni nani. Binti hajachoka na wanawake. Amechoka na sifa.

Mpe mwanamke mmoja, na mambo yake mengi. Mimi ningeanza na Siti binti Saad, kwa sababu kitabu chake kipo, tena kiliandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo: Wasifu wa Siti binti Saad, cha Shaaban Robert, mtu wa huku kwetu Tanga. Nakuonya mapema kwamba mwandishi anapenda kusimama njiani kutoa mawaidha. Mara ya kwanza yaruke mawaidha, msome matukio. (Wapenzi wa Shaaban Robert mtanisamehe. Mawaidha yake nayapenda, lakini sina miaka kumi na miwili.)

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, kwa wazazi waliotokana na utumwa. Jina walilompa lilikuwa Mtumwa. Kazi ya nyumbani ilikuwa ufinyanzi, na vyungu vikishachomwa lazima viende mjini, kichwani mwa mtu, na huyo mtu anadi mlango kwa mlango. Inasimuliwa kwamba sauti yake ilianza kujulikana hapo, kwenye kunadi vyungu. Akahamia mjini, akakutana na wapigaji waliomfundisha kuimba na ala, akawa anaitwa kwenye majumba ya wakubwa. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay pamoja na wapigaji wake, wakarekodi santuri za nyimbo za Kiswahili.

Hapo msimamishe mwanao. Mimi nikiwa na mtoto na kitabu cha namna hii huuliza mambo ya kazi tu: huyu alijifunza wapi? Nani alikubali kumfundisha, na kwa nini? Nauli alilipa nani? Kabla hajajulikana alikuwa anakula nini? Kitabu kikiweza kujibu maswali hayo kinafaa. Kisipoweza, basi kilikuwa kinasifu. Na mtoto akishayazoea maswali hayo atayauliza mwenyewe kwa kila kitabu, hata kile cha mjomba.

Kuna sehemu moja isikupite. Watu wa mjini walimtungia Siti wimbo wa kumcheka: kaja mjini na kaniki, kama si sauti angekula nini. Naye akajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Wasichana wa darasa la sita wanajua sana habari ya kutungiwa maneno. Kila nikifika hapo na watoto wa barazani, wananyamaza kwanza, kisha mmoja anadakia, “Mimi ningewaambia hivi…”, na mara wote wanatunga. Vina vyao ni vibaya mno. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia Siti anafanana na mwingine.

Nyimbo zake nazo hazikuwa za mapenzi matupu. Wimbo wa Kijiti unasimulia mwanamke aliyeuawa na kesi iliyoishia kuwabana mashahidi. Huo utapima mwenyewe kama umri unaruhusu. Binti akiwa mkubwa kidogo mwambie pia kwamba wanahabari wanawake wa TAMWA walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Hawakulitafutia jina mbali.

Kitabu kinene usikitupe. Mwambie achague mmoja tu, yule aliyemshangaza au hata aliyemuudhi, mkamtafute huyo kwenye vitabu vingine.

SWALI: Bi Mkutubi, assalaam alaykum. Nina mabinti watatu. Kwa heshima zote, hivi vitabu vya wanawake mashujaa vinawatia wasichana kiburi. Sisi tumelelewa na Utendi wa Mwana Kupona, unatosha. Mama zetu hawakusoma mengine na nyumba zilikaa.
Baba wa watatu, Mombasa

JIBU: Wa alaykum salaam, baba. Ulidhani tutagombana, kumbe umenitajia mwanamke wa historia mwenyewe. Haya, tumsome, lakini tumsome yeye pamoja na utendi wake.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa Pate, kisiwa cha jirani na Lamu. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa shekhe wa Siyu, mtu aliyepigana na majeshi ya Seyyid Said wa Unguja. Basi nyumba ile haikuwa nyumba ya watu wapole sana. Mwaka 1858 Mwana Kupona alikuwa mjane, tena mgonjwa, na ana binti, Mwana Hashima, ambaye mama aliona huenda hatamkuza hadi mwisho. Akaketi akamtungia wasia. Anasema mwenyewe kwamba hakutunga kwa kutaka ushairi, ila ana kijana asiyejua mambo naye anapenda kumuusia. Baada ya miaka kama miwili alifariki.

Yaliyomo unayajua: Mungu na Mtume, mume na namna ya kumhudumia mpaka kumpepea akilala, usafi, adabu mbele za watu, kutosengenya. Ndiyo mnayowasomea mabinti siku ya harusi. Lakini utendi hauishii kwa mume. Baadaye mama anageuka kuomba dua, ya afya yake na ya watoto wake, na mwishoni anawaita wanawake wote wausome na wazifahamu maana zake. Anawaambia wasome, baba. Aliyetunga ni mwanamke anayejua mizani na vina, na aliyetungiwa ni msichana anayetegemewa kuelewa. Mama yako aliyekulea na utendi huo alikuwa anapokea maneno ya mwanachuoni wa kike, awe alijua au hakujua.

Kwa hiyo wape, tena uwape wote. Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu, kitawasumbua, basi wamtafute nyanya anayekijua awafasirie, na mengine yatasemwa humo humo. Mkifika pale Mwana Kupona anapomwambia mwanawe asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi, usipapite haraka. Watauliza. Waeleze ile ilikuwa Pate ya namna gani, nani alikuwa anafua na nani anapika wakati bibi anatunga. Utendi hautapungua utamu kwa hilo, na wao watajua kwamba hata mtu wanayemheshimu huishi ndani ya wakati wake.

Na kiburi? Nimeona wasichana wengi wenye kiburi ambao hawajamaliza kitabu hata kimoja.

SWALI: Mimi ni bibi wa Handeni, nimeandikiwa hii na jirani. Nalea mjukuu wa kike. Sijui kusoma, na vitabu hivyo mnavyosema hapa kwetu havipo. Nifanye nini?
Bibi

JIBU: Shikamoo, bibi. Mjukuu ana daftari. Jioni msimulie, yeye aandike. Usimsimulie njaa na taabu tu, maana watoto wamezisikia. Msimulie ulichokuwa unajua kufanya: nani alikufundisha kusuka ukindu au kuzalisha, jembe la kwanza ulilinunua kwa mazao gani, wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974 ulibeba nini kichwani na uliacha nini nyuma. Akikosea kuandika jina la mtu msahihishe. Daftari likijaa, mtie jirani yako taabuni tena aniandikie yaliyomo, nami nitayaandika hapa mkiniruhusu.

SWALI: Bi Mkutubi, sisi ni familia yenye asili ya Unguja, tunaishi Maskati. Binti yetu ana miaka kumi na minne na amepata kumbukumbu za Bibi Salme, binti wa Seyyid Said. Baba yake anasita kwa kuwa bibi huyo aliondoka kwao na akabadili dini. Tumruhusu?
Mama wa Maskati

JIBU: Mruhusuni, na mmoja wenu asome naye. Msichana wa umri huo akikatazwa kitabu atakisoma kwenye simu, usiku, peke yake, bila mtu wa kumuuliza.

Tena sehemu kubwa ya kumbukumbu zile ni habari za nyumbani: jumba la Mtoni, mama yake Mcherkasi, ndugu wasiohesabika, mavazi, sikukuu, wivu wa mabibi. Mkija likizo Unguja mkaone magofu ya Mtoni, kaskazini ya Mji Mkongwe, akiwa ameshasoma. Atakuwa mtembezaji wenu.

Kitu ninachokipenda mimi ni kidogo sana. Salme alizaliwa mwaka 1844, na mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani lakini kuandika hawakufundishwa. Akajifunza kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao siku zile ndio uliokuwa ubao wa kuandikia, akaiga herufi za msahafu moja moja. Nimewasomea watoto mambo makubwa ya malkia na majemadari, wakasinzia. Mfupa wa ngamia huwaamsha. Wanataka kujua ulikuwa mpana kiasi gani, wino ulifutikaje, alificha wapi.

Na ujuzi ule ukamponza. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumwondoa ndugu yao Majid kwenye kiti cha usultani, wenye njama walihitaji mtu wa kuandika barua, akapatikana binti wa miaka kumi na mitano. Njama ikavunjika, Barghash akapelekwa Bombay, naye Salme akabaki na lawama za ndugu wa pande zote. Mwaka 1866 aliondoka kwa manowari ya Waingereza, akabatizwa Aden mwaka uliofuata na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akimwacha ugenini na watoto watatu wadogo. Kitabu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Habari ya dini mwelezeni binti kama ilivyokuwa, na baba aseme anavyoiona. Hiyo ni kazi yake, na binti atamheshimu zaidi akiisema kuliko akificha kitabu.

Kinachonikera mimi ni kingine. Salme ana sura nzima juu ya utumwa, na humo anautetea. Anataka usilinganishwe na ule wa Marekani. Hapo mzazi usikae kimya. Yeye aliuona akiwa upande wa wenye jumba. Wakati anaandika Ujerumani, kule Fumba yule mtoto aliyeitwa Mtumwa, niliyemtaja kwenye barua ya kwanza, alikuwa msichana mdogo tu. Kisiwa kimoja. Mpeni binti yenu vitabu vyote viwili, na aanze na chochote apendacho.

SWALI: Tunapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed kila siku kwenda shule. Mwanangu wa darasa la nne kaambiwa na mwenzake kwamba Bibi Titi alifungwa jela. Akaniuliza: basi kwa nini wakampa barabara? Nikakosa la kusema.
Mama wa daladala, Dar es Salaam

JIBU: Ningependa watu wazima waulize maswali kama hilo. Mwambie yote.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akawa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilipotafuta mwanamke wa kuongoza wanawake wenzake haikwenda kumtafuta mwenye vyeti. Ilimpata mtu anayejulikana kwenye vikundi vya ngoma vya mji, naye akavipitia kimoja kimoja akiandikisha wanachama. Wanawake wale walikuwa tayari na viongozi wao, michango yao na siku zao za kukutana. Hakuhitaji kujenga kitu kipya. Uhuru ukaja akawa mbunge, na mwaka 1965 akaangushwa kwenye kura Rufiji. Azimio la Arusha la 1967 likawakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa nazo, akajiuzulu Kamati Kuu. Mwaka 1969 akakamatwa, akashitakiwa kwa uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akatoka kwa msamaha wa Rais Nyerere. Alifariki mwaka 2000.

Wazazi wengi hukata kipande cha jela wakidhani wanamlinda mtoto, au wanamlinda Bibi Titi. Ukikikata, mtoto atakisikia shuleni, kama ilivyotokea kwako, na ataona ulimficha. Si lazima umwamulie kesi ile. Mwambie tu nchi iliyomfunga na nchi iliyompa barabara ni moja, kisha mwache aulize. Ukitaka kujijaza wewe kwanza, mtafiti Susan Geiger alizungumza naye na wanawake wengine wa TANU. Kitabu alichotoa mwaka 1997 ni cha Kiingereza na cha watu wazima.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nafundisha Gredi ya 5 Malindi. Wanafunzi wangu wote wanamjua Mekatilili wa Menza, lakini wanajua kuku tu. Vitabu vya ziada hatuna. Nitawatoaje kwenye kuku?
Mwalimu, Malindi

JIBU: Kuku wape kwanza, mwalimu, usiwanyime. Inasimuliwa kwamba mwaka 1913, mbele ya afisa wa Kiingereza, Arthur Champion, Mekatilili, mwanamke wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, alimletea kuku mwenye vifaranga akamwambia achukue kifaranga kimoja, na mama kuku akamdonoa. Waigize. Atakuwapo mtoto anayetaka kuwa kuku.

Kisha uliza: baraza lile liliitishwa kwa nini? Hapo utafika kwenye kodi ya kibanda na vijana wa Kigiriama waliotakiwa wakafanye kazi kwa Wazungu. Uliza tena: aliwakusanyaje watu bila simu wala gazeti? Utafika kwenye kifudu, ngoma aliyokuwa akiicheza kijiji kwa kijiji, na kwenye viapo vya kaya, yale makazi matakatifu ya Wagiriama msituni. Halafu tundika ramani ya Kenya, chukua uzi, mtoto mmoja aushike Kisii na mwingine Malindi. Huko Kisii ndiko alikopelekwa kifungoni, na kutoka huko alitoroka akarudi kwao kwa miguu. Wapige hesabu ya siku wenyewe kwa mwendo wa mtu mzima. Mwaka 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Hilo litahitaji kipindi chake. Sanamu ya Mekatilili mnayo hapo hapo mjini. Mmalizie huko, daftari mkononi.

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi niko darasa la saba Bukoba. Napenda sayansi. Wanawake wote mnaowaandika ni waimbaji au wa vita. Hakuna aliyesoma sayansi? Na je, una kitabu chake uniazime?
Mpenda sayansi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenikamata, kwenye ukurasa huu wote hayupo hata mmoja. Chukua Wangari Maathai wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1940 upande wa Nyeri. Alisomea biolojia Marekani, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi katika anatomia ya mifugo, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika daraja hiyo. Wewe soma jinsi alivyoanza. Kaka yake Nderitu ndiye aliyemuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao, na mama akaona kweli, hakuna sababu.

Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement. Wataalamu wa misitu walidhani kuotesha miti ni kazi ya waliosomea, lakini wanawake wa vijijini wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakaziotesha hata kwenye vyungu vilivyovunjika, wakaangalia ipi inaota na ipi inakufa, wakarudia. Hiyo ni sayansi, hata kama hapakuwa na maabara. Walilipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Miche iliyokufa haikulipwa, kwa hiyo walihesabu vizuri. Tuzo ya Nobel ya Amani aliipata mwaka 2004.

Kitabu chake cha kumbukumbu kinaitwa Unbowed, kilitoka mwaka 2006. Ni cha Kiingereza lakini si Kiingereza cha kutisha. Anza na sura za utoto, kaa na kamusi, neno gumu liandike pembeni kwa penseli kama kitabu ni chako, kwenye daftari kama si chako. Nakala yangu jalada limechanika na Bukoba ni mbali. Ulizia kwanza maktaba ya mkoa hapo kwenu. Wakisema hawana, waombe wakiandike kwenye orodha ya vitabu vinavyotakiwa, kisha urudi kuwauliza.